Mama Betri, Aliyewatafuta Kakakuona

Dada yetu mkubwa, mliyemzoea mtaani kwa jina la Mama Betri, alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Jina hilo alilipata kwa mkoba wake uliojaa betri za kamera za msituni. Majirani wengine walidhani anatengeneza redio, naye hakuwasahihisha.

Alianza shule mwaka 1973, akasomea uhifadhi wa wanyamapori chuoni na kuhitimu 1988. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya misitu. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta kakakuona, wanaowindwa mno kwa ajili ya nyama na magamba yao, na kujua wamebaki wangapi. Alifunga kamera chini kabisa kwenye mashina, akarudi baada ya wiki kadhaa kutazama nani amepita. Mara nyingi alikuta nungunungu. "Huyu naye anapenda kupigwa picha!" alilalamika.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani; walijuana Dada alipompelekea suruali iliyochanika.

"Hii imepigana na nani?" fundi aliuliza.

"Na miba. Shona, acha umbea."

Alishona, umbea hakuacha. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 alimpata kakakuona jike aliyembeba mtoto mkiani. Ofisini walifurahi kupita kiasi, picha ikatiwa kwenye kalenda. Jamani! Nyuma ya mnyama lilionekana jabali lenye ufa, na wawindaji wakalitambua. Kabla mwezi haujaisha shimo la yule jike lilikuwa limefukuliwa. Dada alilia kama aliyefiwa. Tangu hapo kila picha aliikata hadi abaki mnyama peke yake, na alipogundua jike mwingine hakumwambia mtu mahali alipo, hata mkuu wake wa kazi. Kila gari geni lililosimama mtaani lilimkosesha usingizi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, miguu ikavimba, mlima ukamshinda. Ikabidi amfundishe mmoja wetu ile kazi. Nani? Hilo tuachieni wenyewe. Tutasema tu kwamba mtu huyo anaogopa hata mjusi, na kila akitoka huko anarudi akihema, akigeuka nyuma kama mwizi. Wodini, Dada aliuliza kila aliyeingia, "Wapo?" Sote tulimjibu, "Wapo," anayejua na asiyejua. Alifariki tarehe 3 mwezi huu, asubuhi, akiwa amemshika mumewe mkono.

Jana, tukipanga viti, mgeni mmoja alimpa shemeji pole, kisha akamuuliza kwa upole wa kupindukia marehemu alikuwa akipandia upande gani wa msitu. Shemeji aliingia ndani, na mpaka sasa hajatia kitu kinywani. Tunaogopa, hatuwafichi. Huenda mtu huyo ameketi hapa anasikiliza.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu.

Mgeni, pole yako tumeipokea. Kuhusu lile swali, shemeji hajui. Mabinti hawajui. Mjukuu hajui, na sisi wadogo zake hatujui.

Lala salama, Dada. Huku hakuna anayejua.