Kidonge cha Mwisho cha Mzee Sharubu

Kijiwe chetu kina benchi moja, matofali mawili chini ya mguu wake uliovunjika, na ugonjwa mmoja usio na dawa: hatuamini kitu mpaka tukipime. Ukinunua mwavuli, kabla haujafika kwako utamwagiwa ndoo ya maji hapa. Ukinunua kufuli, tutalifunga, tuuzungushe ufunguo mfuko kwa mfuko, tuone kama linafunguka kwa msumari. Mimi ni fundi viatu, meza yangu iko ubavuni mwa benchi hilo, na nina kinyongo na wenzangu mpaka leo. Nilinunua kiberiti, wakakipima njiti zote. Zote ziliwaka. Wakanipa mkono wa pongezi kwa kununua kiberiti kizuri, nikaenda nyumbani na kisanduku kitupu, tukala mkate mkavu. Kwa hiyo Mzee Sharubu alipotoa vidonge mfukoni wiki iliyopita, nilijua kabisa mambo yataelekea wapi, na bado nikasogeza kigoda nisikie vizuri.

Mzee Sharubu ndiye fundi cherehani wa mtaa mzima. Masharubu yake ameyalea kuliko watoto wake, na sauti yake ni nzito kiasi kwamba akikupima kiuno na kutaja namba, unajiona umenenepa. Daktari amemkuta na saratani kwenye tezi dume. Bahati nzuri imewahiwa. Akapewa vidonge vya kuzuia homoni ya kiume, kimoja kila siku, maana homoni hiyo ndiyo chakula cha uvimbe, na uvimbe ukinyimwa chakula unadhoofika. Daktari alieleza yote hayo kwa upole. Mzee alisikia maneno mawili tu, “homoni” na “kiume”, akayaona masharubu yake yamelala sakafuni.

Basi kila asubuhi akawa anamwambia mkewe kwamba kidonge atakimeza kijiweni, baada ya kahawa, maana tumbo tupu halitaki dawa. Kila asubuhi akaja, akakitoa kidonge, akakikabidhi kwa Kamati ya Vipimo, yaani benchi zima.

Leo ilikuwa zamu ya kidonge cha mwisho.

— Hiki hapa, alisema Mzee, akiinua karatasi ya vidonge vitano iliyotobolewa kote isipokuwa kona moja. Kesho narudi kliniki. Kamati imefikia wapi?

Mwenyekiti wa kamati ni Rangi, fundi wa kupaka rangi nyumba, ambaye hawezi kuongea akiwa amekaa. Akasimama.

— Kinyozi, soma taarifa.

Kinyozi alivaa miwani. Huyu kichwa chake ni kipara na kidevu chake ni laini kama yai. Ananyoa watu kwa wivu. Alikunjua ile karatasi nyembamba iliyokuja ndani ya boksi la dawa, ambayo ukishaikunjua huwezi tena kuikunja ilivyokuwa.

— Kipimo cha kwanza, maji. Kidonge kilivimba, kikapasuka, unga mweupe ukazama chini ya glasi ukakaa kimya. Haukuyeyuka. Na humu wameandika hivyohivyo: unga mweupe laini, kwenye maji hauyeyuki.

— Sasa kitanisaidia nini? Mzee akalalamika. Ndani yangu mimi kuna nini zaidi ya maji?

— Kuna kahawa yangu, alisema Birika, muuza kahawa, akimjazia kikombe.

— Kipimo cha pili, nywele, Kinyozi akaendelea. Nilikisaga, nikakinyunyiza juu ya rundo la nywele nilizofagia dukani. Mpaka jioni hazikuwa zimeota hata kidogo.

— Zilikuwa zimeshakatwa, bwana we! nikasema.

— Fundi viatu, hapa kinyozi ni nani?

Nikarudi kwenye nyundo yangu. Nilikuwa na kisigino cha mtu mkononi.

— Kipimo cha tatu, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Humo kiliyeyuka vizuri sana.

— Mmesikia hilo? Rangi akadaka. Maji kimeyakataa, dawa ya kucha kimeikubali! Kitu chenye tabia hiyo unakimezaje, mwanamume mzima?

Mzee Sharubu alishika masharubu yake kwa mikono miwili, kama anayeogopa upepo.

— Kipimo cha nne, Birika.

Birika aliweka birika chini. Nilijua jambo ni zito, maana huwa haliweki chini hata akipiga chafya.

— Jogoo wa nyumba ya nyuma, alisema. Nilikiweka ndani ya tonge la mkate. Akameza kwa adabu, kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona. Kesho yake akawika jua limeshatoka.

— Asubuhi ile mvua ilinyesha, nikamkumbusha. Hata wewe ulichelewa.

— Mimi sikumezeshwa!

Hapo benchi lote likaguna. Jogoo alikuwa amewamaliza. Mzee akauliza kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya Mzee Sharubu ndiyo sauti ya kawaida ya watu wengine:

— Kwani ndani yake wametia nini?

Kinyozi akapeleka kidole chini ya karatasi, kwenye maandishi madogo.

— Dawa yenyewe ni kidogo tu. Kilichobaki ni viambato. Cha kwanza, laktosi. Sukari ya maziwa.

— Maziwa! Birika akafurahi. Hapo nawaelewa. Na mimi wangeniruhusu ningeitia kwenye kahawa.

— Wanga, wa kukifanya kidonge kivimbe na kupasuka.

— Wanga nautumia mimi kwenye kola za mashati, alisema Mzee. Shati linasimama lenyewe. Ina maana nitakuwa nasimama mwenyewe?

— Povidoni. Hii kazi yake ni kushikanisha unga usisambaratike.

Wote wakanigeukia mimi na kopo langu.

— Msiniangalie hivyo, nikasema. Gundi yangu ni ya soli.

— Gundi ni gundi, alisema Rangi. Endelea.

— Magnesiamu stearati. Unga laini wa kuteleza, ili mchanganyiko usinate kwenye mashine. Hii ni kama poda ninayompaka mteja shingoni! Jamani, hawa watu walipita dukani kwangu lini?

— Na lile ganda jeupe la juu? Rangi aliuliza.

— Titani dioksidi.

Rangi alikaa. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona anakaa katikati ya mazungumzo yake mwenyewe. Halafu akasimama tena, akachukua ndoo yake ya rangi iliyokuwa karibu na ukuta, akaigeuza tukaona maandishi, akayapiga kidole.

— Someni. Titani dioksidi. Ndiyo inayoifanya rangi yangu iwe nyeupe. Sebule nzima ya mwalimu mkuu nimeipiga hii! Ndugu zangu, sasa picha nimeipata. Kuna wanga, kuna gundi, kuna poda, kuna rangi nyeupe. Hiki si kidonge. Hawa wanajenga ukuta! Kila siku anameza tofali moja, mpaka homoni inakuta imezibiwa njia.

— Ukuta tumboni mwangu? Na choo je? Mzee akauliza kwa hofu ya kweli.

— Wataacha mlango, Birika akamtuliza.

— Hakuna ukuta, alisema Kinyozi, amesogeza karatasi puani. Hapa wanasema dawa inakwenda kukaa mahali ambapo homoni huwa inakaa. Homoni ikifika inakuta pamekaliwa. Haiwezi kufanya kazi yake.

— Pamekaliwa na nani?

— Na dawa.

— Sasa homoni yenyewe inakwenda wapi?

Hilo swali la Mzee lilikuwa la maana, na kama tungekuwa watu wa maana tungemwambia akamuulize daktari. Lakini tulikuwa na kahawa.

— Haiwezi kubaki hewani, Rangi alisema. Ikikosa nafasi kwako itahamia kwa jirani. Anayekaa karibu nawe ndiye ataipata.

Kinyozi alivua miwani, akaikunja, kisha akateleza polepole kwenye benchi mpaka bega lake likagusana na la Mzee Sharubu. Alikaa hapo anajipapasa kidevu.

— Ondoka! Mzee akanguruma. Hiyo bado ni yangu!

— Nimekaa tu, mzee wangu. Benchi ni la wote.

— Mimi naona kuna biashara hapa, Birika alisema, macho yamemtoka. Homoni zote zinazofukuzwa na vidonge, za wanaume wa mitaa yote, kuna watu wanazikusanya. Wanazitia kwenye mafuta ya nywele. Mnadhani yale mafuta yanaotesha nywele kwa nguvu ya nani?

— Kumbe ninajipaka masharubu ya watu! Kinyozi akashika kipara chake.

Rangi akapiga makofi kuita utulivu. Alikuwa ameshafungua kopo la dawa anayochanganyia rangi, ile ambayo ukiinusa machozi yanatoka, na mkononi ameshika koleo langu bila kuniomba.

— Kipimo cha mwisho, alitangaza. Tukitie humu. Kama ganda ni rangi, litabanduka. Mzee, lete.

Mzee Sharubu alikitoboa kidonge cha mwisho, akakiweka kwenye koleo. Kisha akageuza uso asione. Nikataka kusema neno, na ningelisema, lakini sauti ya mwanamke ilinitangulia.

— Hamjambo, shemeji zangu?

Alikuwa mke wa Mzee, amebeba kikapu na chupa ya maji. Rangi alificha koleo nyuma ya mgongo, kidonge kikiwa kwenye ncha.

— Hatujambo, shemeji, tukaitikia kama darasa.

Macho yake yalitua kwenye ile karatasi ya vidonge magotini mwa mumewe. Aliichukua, akaipitisha kidole kwenye matundu yote, uso wake ukafunguka.

— Vimeisha vyote! Jamani, nilikuwa silali. Nilijua huyu mtu kwa ubishi wake atavitupa. Ninyi mmemsimamia. Sijui niwashukuruje.

Kinyozi alianza kuikunja karatasi ya maelezo, ikamshinda.

— Sasa nimekuja na jambo moja tu, shemeji akaendelea, akimgeukia mumewe. Kesho daktari atauliza, na mimi nataka nilijue leo ili usije ukamjibu ovyo. Tangu uanze kumeza, mwili unausikiaje?

Swali jepesi kabisa. Rangi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kisigino. Mzee Sharubu alifungua mdomo, masharubu yakapanda na kushuka. Birika, ambaye hawezi kuvumilia swali lisilojibiwa, akamjibia.

— Anaendelea vizuri, shemeji. Ila anachelewa kuwika.

— Nani anachelewa kuwika?

Basi yakatoka yote: glasi ya maji, nywele zilizofagiwa, dawa ya kucha, mkate. Kila mmoja alitaja kosa la mwenzake. Shemeji alisikiliza, kikapu kikimshuka mkononi taratibu mpaka kikakaa chini.

— Ina maana, akasema mwishowe, katika karatasi nzima, aliyemeza dawa ya mume wangu ni jogoo peke yake.

— Alimeza kwa adabu, Birika alinong’ona.

— Mama watoto, Mzee Sharubu alisema. Naogopa. Basi. Sina lingine. Naogopa nitaamka siku moja sauti si yangu, masharubu hayapo, unanitazama hunijui.

Shemeji alimsogelea. Nilidhani atamfokea, na angekuwa na haki.

— Masharubu yakidondoka nitayafagia, akasema. Ukidondoka wewe nitafanyaje?

Akamgeukia Rangi, akanyoosha kiganja. Rangi alitoa koleo mgongoni, akakiachia kidonge, polepole kuliko alivyowahi kupaka ukuta wowote. Shemeji akakipeleka kwa mumewe pamoja na chupa ya maji. Mzee alifumba macho na kumeza. Tuliona koo likipanda na kushuka, sote tukameza naye.

— Na kesho, alisema shemeji, utamweleza daktari mwenyewe kila kitu. Na jogoo utamtaja.

— Nitamtaja, alisema Mzee, kwa sauti ileile nzito, vikombe vikatetemeka. Kinyozi alimkagua mdomo wa juu kwa karibu, akaitikia kwa kichwa kwamba masharubu bado yapo.

Rangi alikwenda kurudisha ndoo yake ukutani. Shemeji akasogeza kikapu kwa mguu, akakaa barabara katikati ya benchi, pale pale mwenyekiti anapoketi tangu benchi liwe benchi.

— Nakuja kila asubuhi, akasema. Birika, nipe kahawa.

Rangi aliporudi alikuta pamekaliwa. Alisimama mbele yake, akakohoa. Shemeji akanywa kahawa. Rangi akazunguka upande wa Kinyozi, hakuna nafasi. Akazunguka upande wangu, nikamwonyesha gundi. Mwisho akasimama pembeni mikono mfukoni, hana pa kukaa wala cha kupima.

— Mzee, Kinyozi akanong’ona. Kumbe ndivyo dawa inavyofanya kazi.