Kiberiti Nilichompelekea Mpimaji wa Mukendo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona mmeitikia kwa nguvu. Subirini nimalize, tuone kama mtaitikia tena.

Mimi ni mama Nyamisi, wa hapahapa Makoko. Nyamisi alipofika miaka mitatu alianza kula udongo. Nilikuwaga namchapa, anaacha. Nikigeuka namkuta anabandua ukuta wa jiko, anatafuna. Tumbo likatoka mbele, miguu ikavimba, viganja vikawa vyeupe. Kutoka mlangoni hadi ziwani anakaa chini mara tatu, anahema. Na zahanati ya miaka ile ilikuwa na kitanda na kalenda, dawa hakuna. Ukienda unaambiwa malaria, rudi wiki ijayo.

Aliyeujua ugonjwa ni mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunakaa naye. Alisema, "Mkamwana, huyu ana safura. Minyoo inamnyonya damu. Mpeleke apimwe choo."

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kuruhusu watu binafsi kufungua huduma za afya, na pale Mukendo mzee mmoja Mwislamu, mpole kabisa, alikuwa amefungua chumba cha kupimia. Akaniambia nilete choo cha mtoto ndani ya kiberiti kitupu, kama tulivyozoea wote.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopotea! Kwetu nywele za mtoto, kitovu chake na choo chake haviachwi mkononi mwa mtu usiyemjua. Nikajiuliza, huyu mzee akishapima anakipeleka wapi? Nikajiona mjanja. Nikaweka changu! Nilijiambia tunakula chungu kimoja, kama mtoto ana minyoo na mimi ninayo. Nikakikabidhi kile kiberiti mchana kweupe, nikasema ni cha Nyamisi.

Mzee akapima, akaandika: hakuna minyoo. Akagonga mhuri. Uongo niliutunga mimi, na wa kwanza kuuamini nikawa mimi! Kama si minyoo, basi mtoto amerogwa. Na nani mwingine, kama si yule aliyeutaja ugonjwa kabla ya mpimaji?

Tukaitisha kikao cha ukoo. Karatasi ikasomwa mbele ya watu, ikapitishwa mkono kwa mkono, hata wasiojua kusoma waliutazama ule mhuri wakatikisa kichwa. Mume wangu alikaa kimya, mama yake mzazi akiitwa mchawi. Siku ileile mama mkwe aliondoka na kanga zake na kikapu kimoja, akaenda kwa binti yake kule Bunda. Baadhi yenu mlikuwepo. Msiangalie chini, mimi siwahukumu.

Nyamisi hakupona. Alianguka uani, tukamkimbiza hospitali. Daktari akaomba vipimo vya nyuma, nikampa ile karatasi. Akaiamini! Minyoo akaiweka kando, akaanza kutafuta mengine. Nilimwona anavyohangaika, mwanangu anakauka, na mimi nikanyamaza kwa aibu. Siku tatu, ndugu zangu! Mama mzazi!

Siku ya nne mtoto alichafua kitanda. Nesi akachukua choo palepale, bila kuniuliza, akapeleka kupima. Kilikuwa kimejaa mayai ya minyoo ya safura. Akarudi ameshika karatasi mbili, akaniangalia. Nikasema yote.

Dawa ilikuwepo, lakini damu ilikuwa imekwisha mwilini. Yangu haikukubali, ya mume wangu haikukubali. Ndugu waliopiga kelele kwenye kikao, kila mmoja akakumbuka shamba lake. Mama mkwe alipopata habari alipanda lori kutoka Bunda, hakuna aliyemwita. Akanyoosha mkono. Damu yake ikakubali.

Mwanangu akafumbua macho, akaomba uji. Mungu ni mwema! Nikampigia magoti mama kwenye korido, nikalia mbele ya wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Damu nimempa mjukuu wangu. Wewe sijakupa kitu." Akarudi Bunda. Miaka inakwenda, Nyamisi anasoma, na yule mama hajakanyaga kwangu.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye woga na ujanja wangu. Nilimwogopa mzee wa watu na hadubini yake, kumbe mtu wa kuogopwa alikuwa amekaa ndani ya kanga yangu mwenyewe. Mwamini Mungu, wewe mwenye mtoto anayekula udongo. Mwamini, kisha peleka choo chake, chake mwenyewe, na useme kweli. Mungu atakusamehe kama alivyonisamehe. Binadamu anaweza kukataa, na ni haki yake.

Basi sikieni, nimesimama kwa ajili ya neno hili moja. Mama mkwe wangu si mchawi. Mwongo nilikuwa mimi. Kalisemeni huko majumbani, na kisimani, na mwaloni wanakoshusha samaki, upesi vilevile kama mlivyolisema lile la kwanza.

Bwana asifiwe.