Bwana Tulia na Kamera Iliyoona Ukuta

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi popote mlipo. Kama una kazi mkononi, endelea nayo taratibu. Tunachokuomba ni masikio tu.

Leo tunamkumbuka mpiga picha mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake wengi hawakulijua. Watu walimwita Tulia, kwa sababu hiyo ndiyo amri aliyompa kila aliyeketi mbele yake. Alimwambia bibi harusi, "Tulia." Alimwambia mtoto mchanga, "Tulia." Siku moja aliingia afisa wa polisi mwenye sauti ya kutisha, akitaka picha ya kitambulisho. Akaambiwa, "Tulia, afande." Na afande akatulia.

Bwana Tulia ametutoka wiki hii. Alikuwa mpiga picha. Alikuwa mume wa fundi cherehani. Na alikuwa mtu wa kamera moja. Hilo la kamera moja lishikeni, maana habari yake yote imo humo.

Studio yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha, nyuma ya duka la ushonaji la mkewe. Ili umfikie ulipita kati ya cherehani na sanamu ya kuvalishia magauni, ukasukuma pazia zito, ukajikuta ndani. Ukuta wa nyuma ulikuwa na rangi ya maziwa, ufa mwembamba, na msumari mmoja. Aliupigilia mwenyewe siku ya kufungua studio ili atundike saa. Saa ilikufa. Msumari ukabaki. Nao huo ushikeni.

Sasa tuiseme kamera yenyewe. Ilikuwa kamera ya filamu pana, ile filamu ya kuviringwa kwenye karatasi, ambayo negativu yake moja ni kubwa karibu mara tatu ya zile ndogo tulizozizoea. Ukikuza picha yake, unauona uzi kwenye kola. Unaiona nywele ya kope. Watu walitoka mbali kuja kupigwa na kamera hiyo. Na ilikuwa na jambo la pili: ilijilenga yenyewe. Wewe huzungushi lenzi. Unabonyeza nusu, lenzi inanguruma kidogo, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na ikishapata inalia "pii." Ukisikia pii, unamalizia kubonyeza.

Wenzake walimtania kwa ajili ya pii hiyo. Walimwambia, "Tulia, wewe sasa ni kama mtu aliyeoa mke anayepika, anayefua, na anayekuambia lini ucheke." Naye akawajibu, "Mnaona wivu. Nyie wake zenu hawalii hata pii."

Lakini, wasikilizaji wapendwa, hakuinunua kwa uvivu. Bwana Tulia alikuwa anapofuka. Daktari alimwambia kwamba ugonjwa uko nyuma ya jicho, mahali ambapo miwani haifiki. Alirudi nyumbani, akasema daktari amempa matone. Kisha akazikusanya kamera zake zote za zamani, zile za kulenga kwa mkono, akaziuza zote ili aipate hii moja. Hakubakiza hata moja. Aliyekuwa amechoma daraja ni yeye, na aliyekuwa amesimama juu yake ni yeye.

Mkewe anakumbuka maombi yake ya asubuhi siku hizo. "Alikuwa anapiga magoti pale karibu na sanamu yangu ya magauni," anasema. "Akawa anaomba kwa sauti ya chini: Mungu wangu, ilinde betri. Nikawaza, mume gani huyu, watu wanaombea watoto, yeye anaombea betri?"

Alikuwa na sababu. Kamera ile bila betri haikuwa kamera. Haikulenga, haikusogeza filamu, haikufungua hata jicho lake. Ilikuwa tofali. Tena ilikuwa nzito, ikamla bega la kulia mpaka mashati yake yote yakawa yanashonwa upya upande mmoja. Na penye mwanga hafifu ilihangaika: mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku mvua inanyesha. Siku moja iligoma kabisa. Akaipeleka kwa fundi wa kamera, mzee aliyezifufua kamera nyingi kwa bisibisi na mafuta kidogo. Mzee akaifungua, akatazama, akaifunga.

"Hii ina ubongo," akasema. "Mimi natibu mifupa."

"Na ubongo ukifa?"

"Unaomba radhi kwa wateja, unazika."

Safari ile ilikuwa kutu tu kwenye kibati cha betri. Mzee akakisugua, kamera ikaamka. Lakini tangu siku hiyo Bwana Tulia alijua amefungwa. Kurudi kwenye kamera za mkono hawezi, macho hayapo. Kwenda mbele na kamera hii anaweza, mpaka siku itakayoamua yenyewe. Na kumwambia mtu hawezi, maana nani atampelekea harusi yake mpiga picha asiyeona? Akawa anaingia asubuhi, anavuta pazia, anakaa humo na mashine yake. Mkewe anasema, "Nilikuwa nasikia pii, pii, na hakuna mteja ndani. Alikuwa anaipima kama iko hai."

Basi ikaja siku ya mama yake.

Mama yake Bwana Tulia alikuwa na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Dada hawa wawili hawakuwa wakizungumza. Mama yao alipokuwa anakata roho, mkubwa alikuwa kando ya kitanda, mdogo alikuwa mbali. Mdogo alifika watu wameshatoka makaburini. Alisema hakuitwa. Mkubwa alisema alituma mtu. Maneno yakaishia hapo, na miaka ikapita juu yake.

Sasa mkubwa alikuwa mgonjwa. Akamwambia mwanawe, "Nataka picha na mdogo wangu. Moja tu. Halafu mnaweza kuniacha." Bwana Tulia akambembeleza mama mdogo kwa simu, siku baada ya siku, mpaka akakubali. "Nitakuja mara moja," akasema mama mdogo. "Nitakaa, utapiga, nitaondoka. Usiniandalie maneno."

Wakaja. Wakaketi kwenye benchi mbele ya ule ukuta wa rangi ya maziwa. Kwa kawaida Bwana Tulia alikuwa na ujanja wake: anaielekeza kamera kwenye uso wa mtu mmoja, anangoja pii, halafu ndipo anapanga picha. Kamera yake ilikuwa inatazama katikati tu, na yeye alilijua hilo kama jina lake. Lakini siku hiyo chumba kilikuwa na mwanga mdogo. Akaiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Akachungulia. Akaona vivuli viwili vyeusi vimeungana kuwa kimoja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa macho yake yeye, dada wale walikuwa wamegusana. Alimwambia mkewe baadaye kwamba moyo ulimruka. Alidhani wamepatana mbele yake. Hakuona haja ya ujanja wowote. Akabonyeza nusu. Pii. Akamalizia. Akapiga tena na tena, huku akisema, "Tulieni. Mmependeza. Tulieni."

Mama mdogo akasimama, akachukua mkoba wake, akaondoka kama alivyoahidi.

Kuosha filamu hakukumsumbua. Kazi ile ni ya gizani, na gizani hakuna aliyemzidi. Lakini kukuza picha kunahitaji jicho. Hapo alikuwa akimwita mkewe, akisingizia mgongo. Mkewe alikuwa anazungusha kitasa cha mashine ya kukuzia mpaka picha inyooke.

Tumsikilize mwenyewe. "Nilizungusha," anasema. "Nikaona msumari. Umekuja vizuri, hata kutu yake naiona. Nikaona ufa. Nikasema, bado, nizungushe zaidi, nyuso zije. Nikazungusha, msumari ukaondoka, nyuso hazikuja. Nikarudi. Msumari ukaja tena. Mama na mama mdogo walikuwa kama mvuke wa chai. Na yeye amesimama nyuma yangu kwenye ile taa nyekundu, ananiuliza: wametokea?"

Mkewe akazungusha kitasa tena.

"Si nakuuliza? Wamependeza?"

"Ukuta umependeza," akasema mkewe.

Bwana Tulia akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Kulikuwa na nafasi kati yao?"

"Mtoto angekaa hapo na mkoba wake wa shule."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nje kwenye cherehani. Nimesikia pii, nikajua mambo sawa. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Akainamisha kichwa. Ndipo alipolitamka kwa mara ya kwanza. "Mke wangu, mimi sioni."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoingia dukani ukaiamkia sanamu yangu ya magauni. Ukamwambia, dada, karibu, umependeza. Nikasema, kama anaona basi nina mke mwenza, na kama haoni basi nina mgonjwa. Nikaomba iwe vyovyote, lakini uniambie mwenyewe."

Walicheka, anasema mkewe, kisha wakalia, kisha wakaomba pamoja. Na baada ya amina tatizo lilikuwa palepale. Mama anazidi kuishiwa nguvu. Mama mdogo alisema mara moja, na mara moja imekwisha. Kumwita tena bila kumwambia ukweli haiwezekani, maana atauliza.

Na aliuliza. "Si ulijisifu mashine yako inaona yenyewe?" alisema mama mdogo kwenye simu.

"Inaona, mama mdogo. Mimi ndiye sioni. Niliwaona mmekaa pamoja. Kumbe hamkukaa pamoja."

Kisha mama mdogo akasema, "Ulituona vipi?"

"Mmegusana mabega."

Alikuja kesho yake.

Safari hii mkewe alisimama kando ya kamera, awe macho ya mumewe. Dada wakakaa. Mgonjwa akaegemezwa mto mgongoni. Mama mdogo akaketi kwenye ncha ya benchi, mkoba mapajani.

"Songeni," akasema Bwana Tulia.

"Nimesonga," akasema mama mdogo.

"Bado nauona msumari," akasema mkewe.

Mama mdogo akasogea kidogo, kama mtu anayepisha maji.

"Bado nauona msumari."

"Kwani huo msumari hamwezi kuung'oa?"

"Tukiung'oa, mama mdogo, kamera itatazama tundu. Haina adabu hii. Inataka uso katikati," akasema Bwana Tulia.

Mgonjwa akatoa sauti yake ndogo. "Njoo bwana. Mimi siumi, hata meno sina."

Mama mdogo akasogea. Bega likagusa bega. "Bega lako limekuwa mfupa," akasema, bila kumtazama.

"Na lako limekuwa mto. Ulikuwa unakula peke yako."

"Nani wa kula naye?"

Kichwa cha mgonjwa kikainama polepole, kikalala kwenye shavu la mdogo wake. Mkewe akasema, "Msumari umepotea." Lenzi ikanguruma, ikaenda mbele, ikarudi. Pii.

Picha hiyo tumeiona, wasikilizaji wapendwa. Kila kope iko mahali pake. Na kwenye shavu la mama mdogo kuna tone moja la chozi, na ndani ya tone hilo, ukitazama vizuri, kuna umbo dogo la mtu ameinamia kamera.

Mama yake alizikwa muda si mrefu baadaye. Alipokata roho, mdogo wake alikuwa kando ya kitanda.

Tungependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mlango wa Bwana Tulia ulifunguka. Haukufunguka. Habari za macho yake zilienea, wateja wakapungua. Filamu zikaadimika madukani. Mwisho kamera ikagoma tena, na haikuwa kutu. Fundi mzee alitikisa kichwa tu. Bwana Tulia akawa anakaa studio, pazia limevutwa, mashine ile nzito mapajani, anabonyeza nusu, anasikiliza. Kimya. Mkewe alimsikia akiomba: "Mungu wangu, nilikuomba macho, ukanipa mashine. Umeichukua na mashine. Mimi bado nipo humu. Nionyeshe mlango."

Wiki hii alionyeshwa. Amefia kitandani, mkono wake umeshikwa na mkewe.

Kwa mjane wake, fundi cherehani. Kwa mama mdogo, ambaye amewazika dada na mwana. Na kwa ndugu na jamaa wote, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awafariji, na ampe marehemu macho yasiyohitaji betri.

Nasi tuliobaki tujiulize. Ni nani umekaa naye benchi moja, na kati yenu ukuta unaonekana?

Siku ya msiba mjane alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi lile lile, chumba kimejaa watu, wote wamesimama mbali kwa heshima. Mama mdogo akaingia na fimbo yake. Akamtazama. Akautazama ukuta. Kisha akajiketisha polepole kando yake.

"Songa, mwanangu," akasema. "Bado nauona msumari."