Shangazi Hakiki na Msichana Aliyegeuza Kichwa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa mpima ardhi na mshonaji. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu hakunywa maziwa kabla ya kuchungulia kikombe. Ukoo ukamwita Hakiki, jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1998 akahitimu shahada ya hisabati. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Ana akili, ila kila siku ananiuliza nimejuaje."

Tarehe 12 Desemba 2003 alifunga ndoa na fundi wa lifti. Kabla ya kumkubali alimtaka alete wadhamini watatu, na wote akawapigia simu. "Wawili walinisifu," mumewe husema mpaka leo. "Wa tatu alinisema vibaya. Huyo ndiye aliyeaminiwa."

Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni kubwa ya teknolojia, baada ya usaili wa raundi saba. Baadaye akawa msaili yeye mwenyewe, kwa njia ya kompyuta. Kila alipomaliza aliziba kamera kwa plasta ya kidonda, maana hakupenda kutazamwa na mtu ambaye yeye hamwoni. Pale kazini, "hapana" ya msaili mmoja iliweza kufunga faili la mtu. Zake zilikuwa nyingi.

Februari 2024 sikio lake la kulia lilianza kufa. Hakumwamini daktari wa kwanza wala wa pili. Wa tatu naye akasema ni uvimbe kichwani. Kazini akawa anageuza kichwa ili asikie kwa sikio la kushoto. Siku moja mwenzake akamtania, "Dada, nani anakunong'oneza hapo pembeni?"

Marehemu hakucheka. Alimkumbuka msichana aliyemsaili mwaka uliotangulia, aliyegeuza kichwa kabla ya kila jibu. Kwenye faili la msichana huyo alikuwa ameandika: "Hapana. Kuna mtu chumbani anampa majibu."

Aliandika barua nne kuomba faili lile lifunguliwe. Ya nne ilikubaliwa, na Julai, akiwa kitandani hospitalini, akampigia msichana simu amwombe arudi.

"Samahani mama, nitajuaje kama wewe si tapeli?" msichana akauliza.

"Piga simu mapokezi ya kampuni, niulizie."

"Dada yangu anapiga sasa hivi, kwa simu nyingine."

Marehemu akauliza, "Kumbe uko na mtu. Na siku ile ya usaili?"

"Siku ile nilikuwa peke yangu. Sikio langu la kulia halisikii tangu utotoni."

Mumewe, aliyekaa kando ya kitanda, alingoja mkewe aombe cheti cha daktari. Hakuomba.

"Nakuamini," alisema.

Msichana alisailiwa upya na wengine, akaanza kazi tarehe 2 Septemba. Marehemu alifariki wiki moja baadaye, tarehe 9, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, ndugu wanne na watoto wa kaka zake, ambao wote aliwahi kuwahoji. Apumzike kwa amani, safari hii macho yote mawili yakiwa yamefumbwa.