Josefina Haondoki Kasense

Sogeeni, wanangu. Stanley, funga hilo dirisha, upepo wa Ufipa hauna huruma na mtu asiyebakiwa na nyama mwilini, kisha uje ukae hapa miguuni pangu. Na wewe Edith acha kunishikashika huo mkono, unesi wako nimeuona, mapigo utakayoyakuta ni yaleyale uliyoyaacha asubuhi. Mama yenu abaki hapo kichwani, maana asiponiinua sauti haitoki. Benjamini, wewe kaa mbele yangu nikuone. Nawasikia watu wako uani wakiimba, na najua wanakungoja utoke uwape neno. Wangoje. Leo neno ni langu, na nguvu niliyonayo ni ya kusema mara moja tu, kwa hiyo msinikatize.

Nimechoka, wanangu. Sisemi hivyo ili mnionee huruma, nasema kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Figo zimekufa. Daktari alinieleza taratibu kama anayeogopa kunivunja moyo, nikamwambia mwanangu mimi ni fundi, najua chujio likishaziba mashine haina ujanja. Padre amekwisha kunipaka mafuta. Hakuna mtu aliyeniroga. Nirudie, maana kuna watu ndani ya chumba hiki wanaoangalia sakafu: hakuna mtu aliyeniroga, na atakayesema hivyo juu ya kaburi langu amenitukana mimi kabla ya kumtukana huyo anayemtaja.

Tumalize ya mali, ni machache. Nyumba hii ya Mazwi ni ya mama yenu hadi siku atakayonifuata, na asije mtu kumwambia chumba kile kinafaa kupangishwa. Shamba la Kasense, palipo mahindi na palipo ulezi, ni la Stanley, kwa kuwa ndiye aliyelilima wakati wengine mkija kuchukua magunia. Vitabu vyangu, vilivyochapwa na kile ambacho sikukimaliza, ni vya Edith. Kile ambacho sikukimaliza kibaki hivyo hivyo, asitokee mtu wa kukimalizia kwa roho aliyoshushiwa. Benjamini, usinune. Wewe nakuachia mkanda wangu wa kupandia nguzo, na nitakwambia kwa nini. Na ndani ya shamba la Stanley kuna nyumba ya Josefina, pamoja na mgomba wake na banda lake la kuku. Hiyo si ya Stanley wala ya mtu mwingine. Ni ya Josefina hadi afe, na hapo ndipo penye maneno yangu yote ya leo.

Mnamwita shangazi tangu mkiwa watoto, lakini hamjui vizuri alikuja vipi, kwa hiyo niwaambie.

Mimi sikuzaliwa mwandishi. Nilizaliwa Kasense, mtoto wa wakulima, nikapelekwa chuo cha ufundi Dar es Salaam kwa sababu hesabu zilinikubali, nikarudi Sumbawanga fundi umeme, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimenuka dizeli, mama yenu ni shahidi, aliyekuwa akizifua zile ovaroli hadi ngozi ya vidole ikambabuka. Mashine za umeme za mji huu nilizijua kwa mlio, na nguzo nyingi za kuelekea Kasense nilizipanda kwa miguu hii mnayoiona imevimba kama viazi. Nilipenda kazi ile. Kwenye umeme hakuna porojo: taa imezima, unafuata waya, unakuta palipokatika, unaunga, taa inawaka. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Kisha ukaja mwaka ule wa mvua kubwa, radi ikaua ng'ombe wa Theodory huko upande wa Msanzi. Theodory alikuwa amegombana na jirani yake, mjane Josefina, kwa ajili ya mpaka wa shamba, basi watu wakajumlisha wenyewe: mjane katuma radi. Mwenyekiti wa kijiji akaomba fundi aje aeleze, nikatumwa mimi. Nikasimama mkutanoni na kipande cha waya mkononi, nikaeleza habari ya mawingu, ya umeme unaotafuta ardhi, ya mti mrefu na ng'ombe waliokimbilia chini yake. Walinisikiliza kwa adabu zote, Mfipa hakukatizi hata kama hakuamini. Nilipomaliza Theodory akasimama, kofia mkononi, akasema, "Ahsante fundi, tumekuelewa, radi inapiga hivyo. Sasa tueleze na hili. Malishoni palikuwa na miti miwili na ng'ombe wa watu wawili. Kwa nini wangu?"

Wanangu, nilikikunja kile kipande cha waya nikakitia mfukoni. Chuo hakikunifundisha hilo. Na sisi watu wa huku, tukikosa jibu la kwa nini, tunaweka jina la mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa pale mwisho wa mkeka, kajitanda kanga, hanyanyui uso. Wakampa hadi jua kuzama awe ameondoka. Nikampakia kwenye gari la kazi na chungu chake na kuku wake, nikamleta kwa mama yenu, na mama yenu hakuuliza huyu nani wala amefanya nini, aliuliza tu, "Atalala wapi?" Ndipo tukamjengea kule shambani. Theodory hajanipa salamu tangu siku ile, ameshika kinyongo kwamba nilimhifadhi adui yake. Stanley, nikishazikwa mpelekee debe la ulezi, mwambie baba amesema yamekwisha. Akilikataa, liache mlangoni.

Nipeni maji... ya kulowesha ulimi tu. Basi, inatosha.

Swali la Theodory ndilo lililonishusha kwenye nguzo likaniketisha mezani. Niliwauliza mapadre, niliwauliza wazee waliokuwa bado wakimwita Mungu Leza, nilisoma Maandiko hadi macho yakauma. Nikaacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, na ndugu zangu wakasema Zenon amepigwa shoti ya kichwa. Kitabu cha kwanza nilikiita *Sala Si Swichi*, na mafundi wenzangu walicheka hadi wakakaa chini, lakini nilichosema humo ni kitu kidogo: kwamba tunabonyeza rozari tukitaka taa iwake, na isipowaka tunaanza kumtafuta aliyekata waya. Cha pili ni *Usiulize Nani*. Jibu la Theodory sikulipata, wanangu, na sasa naona sitalipata upande huu. Nilichopata ni kwamba mtu aliyepigwa na dunia haponi kwa kutajiwa jina la mwenzake. Anapona, kama atapona, kwa kupata mtu wa kukaa naye. Kwa jambo hilo moja nimeandika vitabu vitatu, na ningekuwa na akili zaidi ningeliandika ukutani nikaenda kulima.

Kwa maana walionisoma ni wengi na walionielewa nawatafuta. Watu walianza kuja hapa na watoto wagonjwa niwaguse. Nikawaambia nendeni hospitali. Wakasema mtumishi ana unyenyekevu, wakaja wengi zaidi. Ukikataa kuwa nabii katika mji huu umejitangaza mwenyewe.

Benjamini, mwanangu, sasa ni wewe. Una ulimi mtamu, ulizaliwa nao, ungeweza kuwauzia samaki watu wa Kasanga waliokaa juu ya ziwa lenyewe. Ulipoanza kuwasomea watu vitabu vyangu hapo uani siku za Jumapili nilinyamaza, nikasema afadhali wasikie. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kisha nikasikia unawapa waya. Sikiliza vizuri, mama Benja nawe usikie, maana hili mlinificha kwa kuwa naumwa: ule waya wa shaba niliousimika mimi mwenyewe kwenye kigango chetu, kanisa dogo la Kasense, unaotoka kwenye ncha ya paa ukateremka hadi kwenye nondo iliyofukiwa ardhini, watu wameukata vipande vipande wakavivaa shingoni na kuvifunga viunoni mwa watoto, eti waya wa Mzee Zenon hauguswi na radi. Waya ule haukuwa na utakatifu wowote. Kazi yake ilikuwa kuishusha radi ardhini, na ili ufanye kazi hiyo ulitakiwa uwe mzima. Wameukata ili uwalinde. Msimu wa mvua ukaja, radi ikashuka kwenye paa ikakosa njia, ikapasua ukuta ikachoma na mabenchi, na tumshukuru Mungu katekista alikuwa hajafungua mlango. Na watu wakafanya nini? Wakaangalia huku na huku, wakamwona bibi mmoja anayeishi jirani na kigango, mgeni kutoka Msanzi, mwenye historia ya radi.

Nilicheka, mnajua? Peke yangu hapa kitandani. Nikacheka kisha nikalia, na machozi ya mtu mwenye figo mbovu yanachoma.

Na mimi kuanza kuvimba miguu mwezi uleule kukawa ushahidi wa pili. Sasa wanasema siku tatu za msiba zikiisha wataenda Kasense kumtoa. Msiniambie lisemwalo lipo. Wanamtoa kwa kunipenda mimi, Benjamini, na vitabu vyangu mkononi! Na walipokuuliza wewe, mwanangu wa kwanza, hukusema ndiyo na hukusema hapana. Ulisema, "Tuombe, ukweli utajulikana." Hapo umemuua nusu. Mjane yule alikubeba mgongoni mama yako alipolazwa, alikutafunia mahindi ukiwa huna meno, na ukweli bado unautafuta wapi?

Sikugombezi. Sina pumzi ya kugomba. Nakuomba, na baba akimwomba mwanawe mambo yamefika mbali.

Huo mkanda nimekuachia ili upande mwenyewe paa la kigango, uweke waya mpya kabla ya mvua, Adriano aliyekuwa fundi mwenzangu atakuonyesha. Waite watu wako waione kazi hiyo kwa macho. Mimi nizikeni Kasense karibu na wazazi wangu, jeneza la mbao za kawaida, tuta la udongo na msalaba, msijenge kitu ambacho mtu anaweza kukibanduabandua. Vitabu visiwekwe kaburini. Kwenye matanga Josefina akae mkeka mmoja na mama yenu, bega kwa bega, na udongo wa kwanza baada ya padre aurushe yeye. Edith, andika hilo kichwani, wewe huna woga.

Sasa nendeni mkamwite. Najua yuko jikoni nyuma, amekuja kutoka Kasense kwa mguu na uji wa ulezi alionipikia, na tangu asubuhi mnamzungusha kwa maneno ya heshima asiingie. Benjamini, nenda wewe. Mshike mkono, mpitishe hapo uani katikati ya watu wako, usimpitishe nyuma.

... Karibu, dada yangu. Karibu. Usilie, utaniliza na mimi, na maji yenyewe sina. Njoo hapa, waache watazame, mlango ubaki wazi. Nipe huo uji. Ninywee mkononi mwako.

Edith, nimekusikia. Unanong'ona lakini masikio hayajafa. Unasema nikinywa kwake kisha nikafa watasema kaniua. Una akili, mwanangu, hata mimi nimelala nikiliwaza hilo. Nisipokunywa watasema nilimwogopa, nikinywa watasema alinimaliza. Ulimi hauna mfupa. Kwa hiyo nakunywa kidogo tu... hivi... Mtamu. Kila mwaka mtamu hivi hivi. Na kikombe hiki kilichobaki, Josefina, mpe Benjamini.

Mpe. Ni mtoto wako huyo.

Benja, mbele ya hao waliosimama mlangoni. Kunywa umalize. Ukinywa ukaamka kesho, na kesho kutwa, na mwaka mzima, watu watakuwa wamekosa la kusema, kwa sababu wewe ndiye wanayemsikiliza, mimi wamekwisha kunifanya sanamu. Nyumba sikukupa na vitabu sikukupa. Hiki ndicho urithi wako, na kama unaogopa, ogopa, lakini kunywa. Mimi nilipanda nguzo kila siku nikiogopa.

Mama Benja, nilaze. Polepole... hivyo. Siwaoni vizuri, kuna kama vumbi. Wekeni mikono yenu hapa, yote, na wa Josefina. Mungu awape riziki ya jasho lenu, wanangu. Awape usingizi. Msigombane kwa ajili yangu. Mzae, mlime, msizikane mngali hai. Mama yenu... mama yenu asilale peke yake usiku wa kwanza.

Edith. Amekunywa?

Ngoja, usiniambie. Nyamazeni nisikie.

... Nimemsikia. Anameza.

Basi. Ngoja amalize... basi. Josefina, mwanao amekunywa. Waambieni wa uani waingie.