Koti la Kijivu la Kila Juni: Maisha ya Sajini Mstaafu Kyengo Mutinda

Jumatano, tarehe 13 Juni 2018, Sajini mstaafu Kyengo Mutinda alipiga pasi koti lake la kijivu saa kumi na moja alfajiri, akatoka nyumbani kwake Gitothua saa kumi na mbili, akarudi saa moja na robo jioni. Alitoka peke yake. Alirudi na mkewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1966 huko Yatta, mtoto wa tatu wa Mzee Mutinda Kivuva. Alisoma hapo hapo Yatta hadi kidato cha nne, akajiunga na jeshi mwaka 1986 kama dereva. Alistaafu mwaka 2010, akawa dereva wa lori la duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Mbithe kanisani Thika. Alikuwa mume mpole, ila jeshi lilimwachia desturi moja: hakuaga wala hakusema aendako. Mbithe aliivumilia mpaka alipotambua kwamba, tangu 2011, koti lile lilitoka kabatini mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Juni.

“Mwanamume hapigi pasi koti la kwenda kwa chifu, Mama Ndanu,” jirani yake Wakonyo alimwambia.

“Lakini ni Juni peke yake.”

“Basi huyo mwanamke ana msimu, kama avokado.”

Mbithe hakucheka. Alifunga nguo zake kwenye mkoba, tayari kurudi kwao, kisha akaamua kwamba kwanza atamwona huyo mwanamke kwa macho. Asubuhi hiyo ya Juni 2018 alipanda garimoshi lile lile la mumewe, behewa la nyuma. Jijini alimfuata mumewe hadi lango la Bunge, akaacha kitambulisho na simu kwa walinzi, akaketi safu mbili nyuma yake kwenye roshani ya umma. Alimchunguza kila mwanamke aliyeketi karibu na mumewe.

Kila mwaka Serikali hupeleka Bungeni makadirio ya matumizi, kamati huyapitia, kisha wabunge huyapitisha fungu kwa fungu kabla ya Julai. Fungu la maji liligombaniwa asubuhi nzima. Liliposomwa fungu la Ulinzi, Kyengo aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, akaanza kumenya peremende. Wabunge wakasema ndio. Peremende ilikuwa bado haijafika mdomoni.

Mbithe alimkabili nje, kwenye ngazi.

“Baba Ndanu, yuko wapi?”

“Nani?”

“Huyo wa koti.”

Kyengo alilinyooshea kidole jengo la Bunge. “Nimekula kwa ile ‘ndio’ yao miaka ishirini na minne. Nangoja siku moja mtu aulize pesa hizo ni za nini, na vijana wanapelekwa wapi. Maji wanagombana. Kitu cha bunduki kikipita kimya hivyo, mimi huwa na wasiwasi.”

“Na mimi je, sikustahili kuambiwa?”

“Ungesema nimerukwa na akili.”

“Ningesema unisogezee kiti.”

Jioni hiyo Mbithe aliufungua mkoba na kurudisha nguo kabatini, lakini shuku haikwisha. Ilihama tu kutoka kwa mumewe ikaenda kwa wabunge wale walioketi chini ya roshani.

Mwaka 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Thika, bila kulalamika. Alituacha Jumanne, tarehe 20 Mei 2025, saa nne asubuhi, Mbithe akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla alikuwa amemuuliza, “Ulinzi wanasoma lini?”

Leo anazikwa katika shamba lake la Murera. Ameacha mjane wake Mbithe, binti yake Ndanu ambaye ni fundi wa nguo, mwanawe Kivuva, na wajukuu wawili. Bwana ampe pumziko lisilo na zamu.

Kuhusu koti la kijivu, mwaka mmoja baada ya siku ile ya Bungeni, Juni 2019, lilipigwa pasi pamoja na rinda la bluu la mkewe, na aliyeamka kwanza alikuwa Mbithe.