Miaka 37 ya Leonidasi Ntakije Katika Chumba cha Randa

Chumba cha randa hakitafungwa. Mkuu wa Chuo cha Ufundi Umoja hapa Kasulu, Bi. Loyce Mpozayo, aliwatangazia watumishi habari hiyo katika kikao cha asubuhi cha Jumatatu, tarehe 23 Juni 2025, wiki moja kamili kabla ya Bw. Leonidasi Ntakije kustaafu. Bw. Ntakije anaondoka tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka 37 na miezi kumi, yote katika chuo hiki na karibu yote ndani ya chumba hicho kimoja. Aliposikia tangazo alivua kofia, akaivaa tena, kisha akauliza kama kikao kimekwisha, kwa sababu alikuwa ameacha gundi motoni.

Alizaliwa Kitanga mwaka 1965, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na akaajiriwa chuoni tarehe 1 Septemba 1987. Hakuajiriwa kuwa mwalimu. Alikabidhiwa funguo za stoo ya zana kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Humo stoo alikuta kasha lenye randa 31 za mbao zilizoachwa na mafundi waliotangulia. Nyingine zilikuwa zimepasuka, nyingine hazina chuma cha kukatia, nyingine zimetafunwa na panya. Barua ya ofisi ilimwagiza azichome moto. Aliomba wiki mbili azitazame kwanza. Miaka miwili baadaye randa 27 zilikuwa zinafanya kazi darasani, stoo ikawa inaitwa chumba cha randa, na hakuna aliyeikumbuka tena barua ile isipokuwa yeye. Bado anayo.

Mwaka 1989 alitengeneza ya kwanza ya kwake: randa ndefu ya mkurungu, mti wa mbao ngumu, kabari ya mpera ya kubania chuma, chuma kilichokatwa kwenye springi ya lori bovu. Siku ilipokamilika aliisukuma juu ya ubao wa mita mbili, ukatoka utepe mmoja mwembamba wa mbao usiokatika tangu mwanzo wa ubao hadi mwisho. Aliutundika kwenye msumari juu ya mlango, akaandika jina lake kwa chaki. Upo hadi leo, umegeuka rangi ya chai. Tangu hapo ndiyo desturi ya chumba: randa mpya haihesabiwi kuwa randa mpaka itoe utepe mzima, na anayeitengeneza mwenyewe tangu gogo hadi utepe hutundika wake. Wengi walisaidia kutengeneza randa. Msumari wa pili, uliopigiliwa kando ya ule wa kwanza, ulikaa mtupu.

Kwa mujibu wa daftari la chumba, ametengeneza randa mpya 263 na kufufua nyingine 1,140. Idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa mchwa walikula kurasa za mwaka 1996 na 1997.

Si kila kitu kilikwenda sawa, na yeye ndiye wa kwanza kusema. Mwaka 1993 mafuta ya kulainishia randa yaliadimika. Bw. Ntakije aliona hakuna haja ya kuhangaika wakati mkoa mzima umejaa mawese, akaloweka randa nane ndani ya ndoo ya mawese kwa siku tatu, ikiwemo ile ndefu ya 1989. Ziliteleza vizuri kuliko wakati wowote. Ila milango sita ya mteja mmoja wa Nyakitonto ilitoka na michirizi ya rangi ya machungwa, vanishi ikagoma kukauka wiki tatu, na siafu wakaingia karakana. Mteja alifika, akainusa milango mmoja baada ya mwingine.

“Fundi, mimi niliagiza milango au maandazi?”

Aliichukua hivyohivyo. Kabla ya mwaka kwisha, majirani zake wawili walikuja kuulizia milango yenye rangi kama ile, na ilibidi waelezwe kwamba haitengenezwi tena.

Kila kiangazi Bw. Ntakije alikuwa akienda Kibondo na sanduku la zana, anakaa sokoni siku nne na kutengeneza randa za maseremala wa huko. Mwaka 2008 alimkuta mzee Niyonzima, seremala aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, amekalia gogo lenye tundu katikati. Aliomba kulitazama.

“Eh, fundi, niache nikae,” mzee alisema. “Hiyo ilikuwa randa zamani. Sasa ni kiti cha wazee.”

“Simama kidogo tu, mzee wangu. Kiti nitakununulia.”

Mzee alisimama. Jioni ya siku ya pili randa ilikuwa inakata, na pembeni alikuwa amesimama mjukuu wa mzee huyo, Kezia, wakati huo mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyetaka kujua kwa nini fundi analegeza kabari kila anapomaliza kazi. Alijibiwa kwamba randa nayo huchoka ikibanwa usiku kucha. Kezia Niyonzima alijiunga na chuo mwaka 2015, na tangu 2019 ni mwalimu msaidizi wa useremala.

Swali la chumba lilianza Januari mwaka huu. Chuo kina mashine ya umeme ya kupiga randa tangu 2011, na Bw. Ntakije ndiye aliyesaini kuipokea na kuisifu. Bodi ya chuo iliona kwamba baada yake hakuna mtumishi anayeweza kutengeneza randa ya mbao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikaamua: apatikane mtu mmoja wa kufanya hivyo bila msaada wake kabla ya tarehe 30 Juni, la sivyo chumba kitakuwa stoo ya vipuri vya mashine. Kwa maseremala wa Kitanga na Nyakitonto, ambao umeme kwao hukatika hata mara tatu kwa siku, hilo lilimaanisha kukosa pa kupeleka randa zao. Kwa Bw. Ntakije lilimaanisha kwamba kazi yake yote ingeondoka naye.

Bi. Kezia alijitokeza. Bodi ilimkataza Bw. Ntakije kugusa kitu wala kusema neno. Aliruhusiwa kutoa gogo tu. Alimpa gogo la mkurungu lililokuwa darini tangu 2021.

Jumanne, tarehe 3 Juni, Bi. Kezia alifikia hatua ya kunyoosha uso wa chini wa randa. Alitoa chuma na kabari, akaviweka kando, akaanza kusugua. Ni kosa ambalo kila anayeanza hulifanya. Kabari inapopigwa hubana gogo na kulitanua kidogo, hivyo uso ulionyooshwa bila kabari huharibika mara tu kabari inaporudishwa. Bw. Ntakije aliliona akiwa mlangoni. Alichukua ufagio, akatoka kufagia uwanja.

Mlinzi wa lango, Bw. Yusuph Ramadhani, alivumilia hadi alasiri.

“Mzee, uwanja huu umeshaufagia mara tatu. Unatafuta nini?”

“Natafuta kunyamaza.”

“Basi nenda katafutie upande wa bwenini, huku unanijaza vumbi.”

Kwa siku mbili randa ya Bi. Kezia iliruka juu ya ubao na kutoa vipande vipande. Bw. Ntakije alifagia na upande wa bwenini. Alhamisi mchana Bi. Kezia aliweka rula chini ya randa na kuielekeza dirishani. Alipogonga kabari, mwanga ulipita katikati. Alipoilegeza, mwanga ukatoweka. Alirudia mara nne. Kisha aliacha chuma ndani, akakivuta juu kisiguse ubao, akaigonga kabari kwa nguvu ileile ya kazini, akaanza kunyoosha upya. Waliokuwa karakanani wanasema alicheka peke yake, na kwamba huko nje sauti ya ufagio ilikoma.

Jaribio lilifanyika Ijumaa, tarehe 20 Juni, mbele ya Mkuu wa Chuo na wajumbe wawili wa bodi, juu ya ubao wa mninga wa mita mbili. Utepe ulitoka mzima. Sasa umetundikwa kwenye msumari wa pili, bado haujabadilika rangi, na jina kwa chaki.

Bi. Mpozayo anasema chuo kinamshukuru Bw. Ntakije kwa randa zote na kwa kunyamaza wiki tatu, jambo ambalo anaamini lilimgharimu zaidi. Mkewe, Bi. Veronica, anasema mlango wa jiko lao huko Kitanga haufungi tangu mwaka 2009, na kwamba kisingizio cha kuwa kazini kimekwisha. Sisi tuliofanya kazi naye tunamwombea afya, mashamba yenye mvua ya kutosha, na mlango wa jiko unaofunga.

Jumatano iliyopita Bw. Ntakije aliingia chumbani na randa yake ndefu ya 1989, ile iliyowahi kulowekwa mawese. Mdomo wa randa, pale utepe unapotokea, umelika. Aliiweka mezani, akasimama upande wa wateja. Bi. Kezia alifungua daftari jipya, akaiandika namba moja, akaifunga lebo.

“Mwalimu, utakuja kuichukua mwenyewe?”

“Nitakuja. Usisahau kulegeza kabari.”

“Nimeshalegeza, Mwalimu.”

Itakuwa tayari kuchukuliwa Ijumaa, tarehe 11 Julai 2025, saa nne asubuhi.